Vipanga wa Upareni na maksi za la saba

Huku chuo testi zimetubana na madesa yamejaa mezani, lakini kuna ubishi wa hosteli umenikaa kichwani: hivi maksi za darasa la saba zinatuambia nini kuhusu mtoto kipanga wa kwetu Same?

Jamaa waliopita shule za vipaji maalum wanasema zinatuambia kila kitu. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora zinachukua wenye maksi za juu, na wengi wao wanafanya kweli. Sikatai. Swali langu ni hili: wangapi hawakuonekana?

Angalieni pepa lenyewe. Mwaka 2012 hata Hisabati ikawa ya kuchagua herufi na kuweka kivuli. Maswali machache ya kukokotoa yakarudishwa baadaye. Mtoto aliyepiga tuisheni na kumaliza pepa za miaka ya nyuma anaujua mtego wa swali kabla hajalimaliza kulisoma. Sasa mchukue mtoto wa Chome, chini ya Shengena, anayeweza kukupigia hesabu ya zamu za maji ya ndiva, nani afungulie lini na shamba la nani lifuate, bila kalamu. Tuseme mwalimu wake wa Hisabati kahama, na kitabu kimoja wanasoma watano. Akipata 38 kati ya 50, mimi naiona hiyo 38 ni kubwa kuliko 45 ya mtoto wa shule ya kulipia mjini. Kompyuta inayosahihisha haioni hivyo.

Najua mtaniuliza, tukiacha maksi si ndiyo tunaleta kujuana? Hapo niko na nyie. Mtihani una sifa moja kubwa: haujui mjomba wako ni nani. Na sisi Wapare tunavyosingiziwa kupenda kesi, walimu wakiachiwa wachague kwa macho, baraza la kata litajaa mashauri mpaka Krismasi. Kwa hiyo sisemi mtihani ufutwe. Nasema tubadilishe mtoto analinganishwa na nani.

Miaka ya 1970 na 1980 serikali iligawa nafasi za sekondari kwa mafungu ya mikoa, ili mikoa iliyoachwa nyuma nayo ipate. Nia ilikuwa nzuri. Lakini mtoto wa kijiji kikavu cha tambarare ya Same alikuwa ndani ya fungu la Kilimanjaro pamoja na wa Moshi, mkoa unaosifika kwa kusoma. Fungu lilikuwa pana mno. Tushuke mpaka shuleni: wawili au watatu wa juu wa kila shule ya msingi waitwe, wapewe usaili wa kufikiri, kwa Kiswahili, ndipo wagombee nafasi za vipaji. Kule Texas, Marekani, walipitisha sheria inayofanana na hiyo mwaka 1997: waliokuwa kwenye asilimia 10 ya juu ya shule yao walipata nafasi vyuo vikuu vya umma, hata kama shule yenyewe ni ya kimaskini.

Na wakati ndio huu. Sera ya Elimu, toleo la 2023, inafanya elimu ya msingi iwe miaka 6 na elimu ya lazima miaka 10. Walioanza mtaala mpya wakiwa la tatu mwaka 2024 wanafika la sita 2027. Kama kila mtoto anaendelea sekondari, maksi zitabaki na kazi moja kubwa: kuamua nani aende shule ipi. Tukibeba kipimo kilekile, yule wa Chome ataambiwa ni wa kawaida, na yeye ataamini. Hilo la kuamini ndilo linaloniuma zaidi.

Naomba kuwasilisha. Vipanga na vilaza, wote karibuni tuchangie.