Jamaa za Kesses na Majina Yao katika Daftari

Katika vijiji vya Uingereza, mtu atakaye kujua habari za vibarua waliokaa katika vijumba vya wenye mashamba zamani za karne ya kumi na tisa huanzia kanisani. Tangu mwaka 1538 makasisi wa huko waliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko, na tangu 1841 hesabu ya watu ya Serikali iliandika jina la kila mtu katika kila nyumba. Jina la ukoo hupita kwa baba hata kwa mwana bila kubadilika; kwa hiyo hata kibarua asiyejua kusoma aweza kufuatwa vizazi vingi.

Kesses, upande wa kusini wa Eldoret, nako walikaa vibarua wengi katika mashamba ya watu wengine. Nchi ya Uasin Gishu ilipogawiwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliofika na magari ya ng'ombe mwaka 1908, Wanandi na Wakeiyo wengi waliingia mashambani humo pamoja na mifugo yao. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka maskwota hao wamfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka. Mwanamume alivaa kipande shingoni, ndani ya kikebe, chenye alama za vidole vyake, mshahara wake na jina la bwana wake. Kipande kilichukiwa, tena kwa haki. Lakini kwa mjukuu wa leo huenda ndiyo karatasi ya kwanza yenye jina la babu yake.

Taabu ni jina lenyewe. Mtoto wa Kikalenjin hupewa jina kwa saa au hali ya kuzaliwa kwake: Kiprono alizaliwa jioni mbuzi wakirudi nyumbani, Kipkoech alfajiri, Kipruto safarini. Akiisha kutahiriwa huitwa kwa jina la baba. Basi mwana wa Kipkoech ni Kiprono arap Koech, na mwana wa huyo ni Kipruto arap Rono. Karani wa shamba aliyewaandika watatu hao aliacha nyuma yake, kwa macho ya msomaji wa leo, jamaa tatu zisizohusiana. Tena jioni huwa kila siku na mbuzi hurudi kila boma. Akina Kiprono arap Koech walikuwa wengi mno, na karatasi haisemi yupi ni yupi.

Mambo mawili huwatenga, nayo ni nadra kupata nafasi katika daftari za makarani. La kwanza ni oret, yaani ukoo, wenye mnyama wake: Talai wana simba, Tungo wana fisi, Kipkenda wana nyuki. La pili ni ibinda, yaani rika. Wanandi wana marika saba, Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, nayo huzunguka kwa muda wa miaka mia na zaidi kidogo. Aliyetajiwa rika la babu wa babu yake hana budi kuuliza kama ni la mzunguko huu au uliopita, asije akakosea umri wa mtu kwa miaka mia na zaidi.

Yenye faida zaidi kwa karatasi ni daftari za ubatizo. Katika daftari za Kikatoliki huandikwa wazazi na wadhamini, na mtu akioa baadaye, ndoa yake huongezwa pembeni mwa mstari ule ule. Uandikishaji wa vizazi na vifo wa Serikali ulikuja kuenea nchi nzima mwaka 1971 tu. Hata hivyo daftari la kanisa huuliza jina la baba, na Wanandi wana desturi ya kale ya mwanamke asiye na mwana kumwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake ipate mrithi. Sijapata mtoto wa nyumba hiyo, wangesema makarani, baba yake ni nani? Wazee hujibu bila kusita. Mstari wa daftari hauna mahali pa jibu hilo.

Jambo hili si la kujifurahisha tu. Baada ya Uhuru mwaka 1963 mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kukatwa vipande, na mwenye hati akifa, Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, hutaka wategemezi wake watajwe. Barua ya chifu hutegemea maneno ya wazee wa mtaa. Nyumba ya mke wa pili isiyojulikana kwa mzee yeyote aliye hai yaweza kukosa ekari zake. Kadhalika vijana wawili wakutanao mjini huweza kuchumbiana pasipo kujua kwamba wao ni wa oret moja.

Mwanamke ndiye mgumu kuliko wote kufuatwa, kwa kuwa hakupewa kipande, na vitambulisho vya Serikali vilimfikia baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978. Mwenye kumtafuta bibi yake na aulize kwanza juu ya ng'ombe wa mahari: walitoka boma gani, waliingia boma gani, na yupi kati yao aliyezaa sana. Wazee waliosahau mwaka wa arusi huweza kutaja rangi ya kila ng'ombe, na kutoka boma lile jina la baba yake hupatikana.