Tabo Isigeuke Taabu

Kwa muda sasa, wakaazi wa vijiji vinavyohudumiwa na barabara ya Fumba, yaani Kombeni, Dimani, Nyamanzi, Bweleo na Fumba yenyewe, wamekuwa wakisikia nyakati za usiku mlio usiohitaji kufasiriwa. Kwanza huja uvumi mzito, kisha mluzi mwembamba unaopanda, na mwisho kishindo kama cha fataki pale dereva anapoachia mafuta. Ni magari ya Kijapani ya mbio, yenye tabo: Subaru Impreza na Forester, Toyota Chaser na Mark II, Mitsubishi Lancer. Si machache miongoni mwao yaliyotengenezwa kabla ya wale wanaoyaendesha kuzaliwa.

Tunalizungumza jambo hili leo si kwa nia ya kuwakebehi vijana wetu, wala si kwa kuungana na wale ambao dawa yao kwa kila jambo la vijana ni kupiga marufuku. Kijana anayelala chini ya gari Jumapili nzima, mikono imejaa grisi, akitafuta sababu ya injini kutoa moshi wa buluu, yu katika shule njema kuliko nyingi tunazozijua. Hata hivyo, ni wajibu wetu kuuliza namna gani kisiwa kidogo kama hiki kitaishi na mashine za nguvu kubwa zilizokwisha kuzeeka, na nani atalipa gharama za uzee huo.

Hapana budi kwanza kukumbuka magari haya yamefikaje kwetu. Watu wa rika letu wanaikumbuka vyema miaka ya 1970, wakati gari la mtu binafsi lilikuwa kitu cha kuhesabika kwa vidole, na upande wa Bara ikafika hadi kukatazwa kuendesha magari ya binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Mlango wa biashara ulifunguliwa Zanzibar katika mwaka wa 1984 na kuendelea, Mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar, na pamoja na vitambaa, mchele na redio, yakaja magari yaliyotumika. Japani ilifaa kwa sababu nyepesi: huko, kama kwetu, gari hupita upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia.

Lakini ipo sababu ya pili, na hii ndiyo inayosahauliwa barazani. Japani gari la abiria hukaguliwa kwa nguvu ya sheria mara ya kwanza likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo ni wa mitambo, si wa macho, na ni ghali. Gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake hupandishwa. Kwa hiyo mwenye gari huko hupiga hesabu, akaona kulitunza kwaanza kuzidi thamani yake, akaliuza, nalo likapandishwa meli. Tukisema kwa lugha iliyo wazi, gari hutufikia pale hasa gharama za kulitunza zinapoanza kukomaa. Bei nafuu tunayoifurahia bandarini Malindi ni nusu ya bei; nusu ya pili imo ndani ya injini, inasubiri.

Na katika gari la tabo hiyo nusu ya pili ni kubwa zaidi. Tabo ni kifaa kidogo, kisichozidi sana ukubwa wa nazi iliyofuliwa. Moshi wa moto utokao kwenye injini, badala ya kupotea bure katika ekzosi, hupitishwa kwenye feni ndogo na kuizungusha. Feni hiyo imefungwa kwa mhimili mmoja na feni ya pili, ambayo hukandamiza hewa na kuisukuma ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli inayochomwa nayo huzidi, na injini ya lita 2 ikatoa nguvu ya injini iliyo kubwa kuliko yenyewe. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, jirani na moshi wa joto la nyuzi 900 hivi, na kinachouokoa usiyeyuke ni utando mwembamba wa oili. Oili ikicheleweshwa, au dereva akitoka mbioni na kuizima injini papo hapo bila kuiacha ipumue dakika moja au mbili, oili iliyobaki mle huungua ikawa masizi magumu, njia yake ikaziba, na siku ya tatu au ya thelathini tabo ikafa. Neno lenyewe, kwa matamshi yetu, limekaa karibu mno na taabu.

Si hayo tu. Nyingi ya injini hizi zilipimwa huko kwao kwa petroli ya daraja la juu, ambayo oktani yake hukaribia 100. Ukiipa petroli iliyo chini ya hapo, na huku fundi amekwisha kuilazimisha tabo isukume hewa zaidi ya ilivyopangwa, mchanganyiko huo hulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na pistoni hupasuka. Mkanda wa taimingi wa Subaru za miaka ya 1990 hutakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Ukikatika injini ikiwa kasini, valvu hukutana na pistoni, na hapo hakuna la kufanya ila kutafuta injini nyingine. Mkanda huo hauonekani kwa nje. Anayenunua gari kwa kutazama rangi na kusikiliza mlio hawezi kuujua.

Wajapani wenyewe hawakulichukulia jambo hili kwa wepesi. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 makampuni yao yaliafikiana yasiuze gari la nyumbani kwa kutangaza nguvu zaidi ya farasi 280, na magari yenyewe yalitiwa kizuizi cha kutopita kilomita 180 kwa saa. Unguja kutoka Nungwi hadi Makunduchi haifiki kilomita 90. Tungependa kujua ni safari gani ndani ya kisiwa hiki inayolazimu kizuizi hicho kuondolewa, kwani kuna mafundi wanaokiondoa na kutoza fedha kwa kazi hiyo.

Kisha kuna bahari. Rasi ya Fumba imezungukwa na maji pande tatu, na upepo unaoburudisha baraza zetu jioni ndio huo huo unaobeba chumvi hadi chini ya magari. Mengine hufika yakiwa na kutu tayari, maana sehemu za baridi za Japani hutia chumvi barabarani kuyeyusha theluji. Kutu ya huko na ya hapa zikikutana kwenye mabomba ya breki, haijulikani ni siku gani mguu wa dereva utakanyaga na usikute kitu. Dawa yake ni rahisi hata inatia haya kuitaja: kuosha gari chini kwa maji baridi mara kwa mara, na kulipaka dawa ya kutu. Lakini tunaona gari likisuguliwa bodi hadi linang'aa kama sinia la harusi, na chini yake kuna matundu.

Mapenzi ya vijana kwa magari haya hayakutoka hewani. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwalea Waafrika Mashariki wa vizazi vitatu. Datsun ilishinda mwaka 1970, ikafungua njia kwa Wajapani. Ian Duncan wa Kenya alishinda mwaka 1994 kwa Toyota Celica ya tabo, na mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwa Subaru Impreza. Kila shabiki wa Subaru anaweza kukusimulia habari za gari lile la buluu lililoruka juu ya vumbi. Wachache husimulia habari za mafundi waliokuwa wakilingojea kila kituo, wakalifungua, wakabadilisha vyuma vilivyo vizima kwa kuwa vimekwisha kutimiza saa zake, na kulirudisha barabarani kwa muda wa dakika chache. Gari lile lilishinda kwa mikono ya watu wale kama lilivyoshinda kwa mguu wa dereva. Sisi tumeiga mlio, tukawaacha mafundi.

Tusidhani kwamba kasoro hii ni ya vijana peke yao. Watu wa Fumba wanao mfano wa karibu. Mwaka 1980 waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Bara, uliingia nchi kavu hapo Ras Fumba, ukiwa na uwezo wa megawati 45. Mahitaji yakakua, waya ukazeeka, nasi tukaendelea kuutegemea kana kwamba ni mpya. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kwa karibu mwezi mzima. Haikupita muda, Disemba 2009 giza likarudi, na likadumu kwa kiasi cha miezi mitatu, hadi Machi 2010. Maji hayakupanda mabombani, samaki waliharibika, majenereta yakanguruma kila uchochoro. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja kuwashwa mwaka 2013. Ofisi kubwa na kijana mwenye Impreza, kwa hiyo, wamepata kufanya jambo lile lile: kukitumia chombo kilichozeeka kwa nguvu zote bila ya kuweka akiba ya siku yake ya kuvunjika. Tofauti ni kwamba kijana halali gizani na kisiwa kizima.

Sasa tuje kwenye sheria. Jirani zetu wameamua kuhesabu miaka. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda, tangu 2018, imekataa kuingiza yaliyopita miaka 15. Bara gari likiwa kuukuu hutozwa ushuru zaidi. Hatuzidharau hatua hizo. Lakini umri huulizwa mara moja tu, bandarini. Gari likishaingia, hata lingekuwa na miaka 7, laweza kukaa miaka 20 mikononi mwetu, na sheria ya umri haina tena la kuliambia. Nalo gari la mwaka 1996 lililotunzwa kwa amana ni salama kuliko la mwaka 2015 lililokwisha breki. Kwa hiyo tunaishauri Serikali ya Mapinduzi ielekeze nguvu zake kwenye hali ya gari zaidi ya tarehe yake: breki zipimwe kwa mtambo, chini ya gari patazamwe likiwa limeinuliwa, moshi upimwe, na mabadiliko ya injini yaandikwe kwenye kadi. Ukaguzi wa kuwasha taa na kupiga honi haumfai mtu, hata huyo anayepewa stika.

Yapo na mengine yaliyo ndani ya uwezo wetu wenyewe. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iko hapa hapa Mbweni. Ingefaa ianzishe masomo mafupi ya jioni juu ya injini za tabo kwa mafundi wa mitaani, wale wasio na vyeti lakini wana mikono, maana wao ndio wanaoyahudumia magari haya, si wahandisi. Uhitaji huu unazidi kila mwaka. Huko Marekani gari likitimiza miaka 25 huruhusiwa kuingizwa bila ya masharti mengi, na matajiri wa huko wameanza kuyagombania magari haya haya, hata spea zake halisi zikapanda bei na za bandia zikajaa madukani. Fundi asiyeweza kutofautisha chujio halisi na la bandia atamuua mteja wake kwa nia njema.

Oili chafu nayo isisahauliwe. Gari la tabo hutaka oili mpya kila kilomita 5,000 au chini ya hapo, lita 4 au zaidi kila mara. Inayotoka huenda wapi? Ardhi ya Fumba ni ya mawe ya matumbawe, haizuii kitu. Kinachomwagwa nyuma ya gereji leo hushuka visimani na katika Ghuba ya Menai, iliyowekwa chini ya hifadhi tangu 1997, ambako wavuvi wetu wanavua na akina mama wanalima mwani. Pipa moja kwa kila gereji, na gari moja la kuyakusanya kila mwezi, si gharama ya kuishinda Halmashauri.

La mwisho, na ambalo halitaki kusubiri bajeti, ni barabara yenyewe. Kila alfajiri na kila alasiri watoto wanaikata barabara ya Fumba kwenda chuoni kusoma Kurani na kurudi, na wengi wao hawajafikia umri wa kukisia kasi ya kitu kinachokuja. Baiskeli na magari ya ng'ombe hupita humo bila ya taa. Tunawaomba masheha wa vijiji hivyo wakae na askari wa usalama barabarani na vijana wenye magari hayo, meza moja, kabla ya mfungo ujao, wakubaliane juu ya matuta kwenye vivuko vya watoto. Na kwa kuwa anayependa mbio hatoacha kwa kuambiwa aache, kitafutwe kiwanja kilichofungwa, mbali na nyumba, kwa siku moja ya kila mwezi, na gari la wagonjwa liwe limesimama hapo, na asiingie mtu humo bila ya breki zake kukaguliwa kwanza.