Tambwe ni mgeni wa nani?

Wadau, kila dirisha la usajili likifunguliwa wimbo ni ule ule: wageni wanaua vipaji vya wazawa, wapunguzwe! Mimi natokea Ngara, na huku kwetu neno "mgeni" lina utata kidogo. Ukivuka mpaka wa Kabanga uko Kobero, Burundi, na Mhangaza akiongea na Mrundi hawahitaji mkalimani. Ndiyo maana kwenye mjadala huu namleta Amissi Tambwe.

Tambwe alitua Simba mwaka 2013 akitokea Vital'O ya Bujumbura, iliyokuwa imetoka kutwaa Kombe la Kagame kule Sudan. Msimu wake wa kwanza tu, 2013/14, akatupia mabao 19 na kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu. Desemba 2014, dirisha dogo, Simba wakamwacha! Vijiweni watu wakasema hana chenga, hana mbio, kazi yake kuvizia kwenye boksi. Jamani, straika asipovizia kwenye boksi akavizie wapi?

Watani wao Yanga wakamchukua. Septemba 26, 2015 akawafunga Simba, Februari 2016 akawafunga tena, na mechi zote mbili ziliisha 2-0. Msimu huo wa 2015/16 akamaliza na mabao 21, kiatu cha pili. Yanga wakabeba ubingwa mara tatu mfululizo: 2015, 2016 na 2017.

Sasa turudi kwenye "kuua vipaji". Mfungaji bora wa 2014/15 alikuwa nani? Simon Msuva, mzawa, mabao 17, akiwa timu moja na huyo huyo Tambwe. Msimu wa 2016/17 Msuva akafunga 14, akalingana kileleni na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting, kisha akapanda ndege kwenda Difaa El Jadida ya Morocco. Huyo ndiye aliyeuliwa kipaji?

Mwaka 2019 Tambwe naye akaenda kuwa mgeni wa watu, Fanja ya Oman. Baadaye akarudi daraja la chini na DTB, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2022 kwa jina la Singida Big Stars. Hakuchagua kazi.

Kwa maoni yangu, kinachoua vipaji ni kutotazamwa. Kijana wa Ngara au Biharamulo anayejua kufunga, nani atamwona? Kwa miaka mingi tegemeo la mkoa lilikuwa Kagera Sugar, nayo ikichezea Kaitaba, mbali huko Bukoba, na mwaka 2025 ikashuka daraja. Mrundi mmoja akifukuzwa Dar es Salaam, nafasi yake haiji Rulenge wala Nyakahura. Itachukuliwa na aliye karibu na macho ya viongozi.

Kabla ya kuhesabu pasipoti, tuhesabu viwanja na ligi za wilaya.

Nawasilisha.