Samli kwa Nani, Tui kwa Nani
Sioni busara katika desturi hii iliyoenea ya kumwamuru kila mtu, mzima kwa mgonjwa, aondoe samli na tui jikoni kwake, kana kwamba miili ya waja wote imeumbwa kwa kipimo kimoja. Mzazi aliye katika arubaini yake, apewapo uji wa pilipili manga uliotiwa samli, hupata katika kikombe kidogo nguvu ambayo asingeipata katika sahani ya wali mkavu. Na yule ambaye maziwa humvuruga tumbo aghalabu huistahimili samli, kwa sababu siagi ikichemshwa polepole hata povu likatulia na mashapo yakazama yakiwa na rangi ya kahawia, maji hukauka, na sukari ya maziwa, takriban yote, huchujwa pamoja na mashapo hayo. Lakini mwenye mawe ya nyongo huweza kushikwa na maumivu makali kwa mlo huohuo, na mwenye maradhi ya moyo hana budi kukumbuka kwamba mafuta ya nazi, kadiri ya sehemu 9 katika 10, ni ya namna ile ipandishayo lehemu katika damu. Huyo namnasihi, kwa idhini ya tabibu wake, atumie tui la pili, likamuliwalo baada ya kasimile kutolewa, na mboga zake zikaangwe kwa mafuta ya ufuta. Ama mawese ya Kigoma, hayo kwanza ni haki ya mtoto: katika wekundu wake mwili hujitengenezea vitamini A, ilindayo macho, na wanaoyaunguza mpaka yakawa meupe huiteketeza faida hiyo.