Ugonjwa wa "Kesho" Katika Masomo

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mfanyakazi aweze kusoma bila kuacha kazi. Zamani aliyejiendeleza alingoja vitabu kwa posta. Leo masomo yamo katika simu ya mwalimu aliyeko kijijini. Shabaha ni njema, lakini uhuru huo huo ndio unaowaponza wengi. Hakuna kengele, wala mwalimu wa zamu. Zoezi hungoja kimya hadi usiku wa mwisho, kisha mtandao ukilemewa lawama hutupiwa mitambo!

Ugonjwa huu hauponi kwa kujilaumu. Hupona kwa kutenga saa maalum, tuseme saa kumi na moja alfajiri, na kuandika aya moja tu, hata kama ni mbovu. Walimu watatu wa shule moja wakikaguana kila Jumamosi, kazi husonga.

Wakuu wa ofisi nao wasijitoe. Mtumishi anayebebeshwa majalada hadi magharibi hastahili kuitwa mvivu. Ada yake imetoka katika mshahara ambao ungenunua sare za watoto, na muda wa kumaliza shahada una kikomo.