Njoo, Kuja na Kalamu Nyekundu

Kila asubuhi niabiripo matatu katikati ya jiji la Nairobi kwenda Kangemi, ambako nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, amri hunilaki kabla ya salamu. "Ingia!" "Songa!" "Kujeni, imebaki wawili!" Sina ugomvi na makanga, abiria wote humwelewa. Ugomvi wangu ni na sisi walimu.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha: "Mama, nisaidia." Nikaipiga mstari mwekundu. Akanijia akauliza kwa adabu: "Mwalimu, ikiwa saidia ni sahihi, mbona nisaidia ni kosa?" Nikamjibu kwamba ndivyo Kiswahili kilivyo. Jibu hilo lilikuwa la aibu, nami nalikiri hadharani.

Siku chache baadaye nilinunua kitabu kikuukuu cha Kihispania kando ya barabara ya Tom Mboya. Ukurasa mmoja ulitosha kunifunza kuamuru. Hablar, yaani kusema, huamrishwa habla. Comer, kula, huwa come. Escribir, kuandika, huwa escribe. Ukimwamuru mtu wa kuheshimiwa, irabu ya mwisho hugeuka: hable, coma, escriba. Mwandishi hakudhani kwamba sikio langu lingenitosha. Alinipa kanuni.

Kiswahili nacho kina kanuni, tena nyepesi. Kitenzi kiishiacho kwa a hubaki vivyo hivyo kwa mtu mmoja: soma. Kwa wengi, a huwa e kisha ni huongezwa: someni. Kikitanguliwa na kiambishi cha mtendwa, a hugeuka hata kwa mtu mmoja: kisome, nisaidie. Vitenzi kama jibu na keti havigeuki: nijibu, ketini. Na atakaye upole husema usome, ufunge mlango. E hiyo hufanya kazi ile ile ya hable ya Wahispania.

Sasa tazama hilo "kosa" la Nairobi. Kula huamrishwa kula, na kwa wengi kuleni, kunywa, kunyweni. Mtoto wa Kangemi asemapo kuja, kujeni, amefuata mfano huo kwa uaminifu. Lugha ndiyo iliyokiuka, ikasema njoo, njooni, kama ilivyokiuka kwa nenda na lete. Hata Kihispania kina ven, yaani njoo, kutokana na venir. Mtoto huyo hastahili kuchekwa. Aambiwe tu kwamba vitenzi hivi vitatu ni vya kukaririwa.

Tangu mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa, tumesahihisha amri kana kwamba kila mtahiniwa alilelewa Lamu. Mwenzangu mmoja hunionya kuwa sarufi huwakinaisha watoto. Huenda, lakini alama zipotezwazo bila sababu kuelezwa huwakinaisha zaidi.

Jumatatu nilimwita yule mwanafunzi, nikaandika ubaoni saidia, nisaidie, soma, kisome. Akavitazama kitambo.

"Kumbe ndiyo sababu twasema nipe," akasema, "wala si nipa."

Miaka yote hiyo sikuwahi kuliwaza hilo.