Maoni ya Umma Hujengwa kwa Hoja

Tabora ni njiapanda tangu enzi za misafara. Njia kutoka Bagamoyo ilifika hapa ikagawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Pamoja na pembe na vitambaa, misafara ilileta habari, na mwenye busara aliipima habari ya msafara mmoja kwa habari ya mwingine.

Busara ya namna hiyo ilihitajika mjini hapa Januari 1958, TANU ilipokutana kuamua kama ishiriki katika uchaguzi wa kura tatu. Serikali ya kikoloni ilimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walifika wakiupinga mpango huo, na walikuwa na haki, kwani ulikuwa wa kibaguzi. Mwalimu Julius Nyerere hakuichochea hasira yao. Aliwaeleza kwamba chama kikisusa, viti vitachukuliwa na wengine. Baada ya mjadala mkali, mkutano ulikubali kushiriki. Huo ndio Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitoa na kuunda chama chake. TANU ilishinda uchaguzi wa 1958 na 1959, na Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Wamarekani walipata funzo kama hilo mwaka 1948. Wapima maoni walitabiri kwamba Thomas Dewey angepata urais, wakaacha kuuliza mapema. Wananchi waliendelea kufikiri, na Harry Truman akashinda.

Nasi tulikuwa na Tume ya Jaji Francis Nyalali mwaka 1991. Zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume haikuishia kuhesabu vichwa. Ilizipima pia hoja za wachache, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa.

Kwa hiyo hatukubaliani na kiongozi anayefika kijijini na uamuzi uliokwisha kupitishwa, akapigiwa makofi, kisha akayaita makofi hayo maoni ya wananchi. Wala hatumsifu mwananchi anayefuata rangi ya bendera bila kuuliza neno. Kiongozi hana budi kutoa sababu zake hadharani, apingwe, naye ajibu. Itikadi inayoogopa swali la mkulima wa Urambo au Sikonge haijawa bado imani ya watu. Ni amri tu.